Kuoga Bila Sabuni

Mume wangu tulimzika siku ya mvua, wakati vifuko vyake vya uyoga ndiyo kwanza vimeanza kuchipua. Alikuwa amevijaza kwa mikono yake: maganda ya maharagwe kutoka Nyangezi, akayachemsha ndani ya pipa, yakapoa, kisha tabaka la maganda, tabaka la mbegu, akishindilia kwa ngumi. Vilining'inia katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Cimpunda. Ukipapasa nailoni, ulihisi mashimo ya ngumi yake. Hatukupata mtoto. Alichoniachia kikiwa hai ni vifuko hivyo tu.

Uyoga unaochipua unataka maji asubuhi na jioni. Ukiyakosa, unakauka ungali mdogo kama kichwa cha msumari. Lakini kwetu, nyumba yenye kilio hailimi mpaka kilio kiondolewe, na mjane huondoka mkekani kwa haja na kwa kuoga, basi. Dada mkubwa wa mume wangu alikaa mlangoni kuyasimamia hayo.

Nilimwomba niende kumwagilia.

"Mulamu, ile ni shamba," alisema, akiniita kama mawifi wa kwetu wanavyoitana.

"Lakini iko ndani ya nyumba."

"Shamba ya ndani ya nyumba ni shamba tu. Kaka yangu hajapoa, weye unalima? Watu watasema nini?"

Sikubishana. Nilisema nataka kuoga, na kwa kuwa uani palijaa watu, nikaomba niogee katika chumba cha nyuma. Nilivua nguo gizani, nikajimwagia kikombe kimoja, vingine vyote nikavirushia vifuko. Sabuni sikuigusa, maana povu lingeua uyoga. Jioni nilioga tena. Kesho yake vilevile. Nilitetemeka kwa baridi, lakini humo niliweza kulia bila mtu kunishika mabega.

Kisha dada wa mume wangu akaniita mbele ya wanawake wote. "Mulamu, unaoga kama bata, lakini sabuni yako iko kavu kama jiwe!"

Walicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilitazama mkeka. Nilijua vifuko vimekwisha.

Aliinuka, akaenda nyuma, akakawia huko. Aliporudi, aliketi karibu nami.

"Ni yeye alishindilia vile?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yeye."

Jioni aliniletea ndoo mwenyewe, imejaa mpaka ukingoni. "Enda uoge," alisema. "Oga muzuri."

Siku ya kuondoa kilio tuliula uyoga ule kwa bugali. Kila mmoja aliusifu, kisha kila mmoja akaenda kwake, na dada wa mume wangu naye akarudi Sange.

Vifuko vilitoa tena kidogo, nikala peke yangu. Halafu vikawa vyepesi, vikasinyaa, na mashimo ya ngumi yakapotea kabla sijavimwaga chini ya migomba.

Sasa nimechemsha maganda mapya. Kujaza kifuko ni kazi ya watu wawili: mmoja hushika mdomo wake wazi, mwingine hutia na kushindilia. Mimi nilikuwa wa kushika. Siku hizi naushika kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi yake. Nikimaliza nina ladha ya nailoni kinywani, na hakuna wa kunicheka.