Nilimfuta ndugu yangu kwenye daftari la walioacha pombe, na mimi pia nilikunywa

Admin, nifiche kabisa. Kwetu ni upande wa Kibirichia, na huku mtu akisoma mistari mitatu tu ashajua ni mke wa nani.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina watoto watatu na shamba dogo la waru, yaani viazi. Nilikunywa miaka tisa. Sikuwa mlevi wa kuanguka njiani, mimi nilikuwa na ulevi wa heshima: nakunywa jikoni kwa kikombe cha chai, halafu natafuna karafuu kuua harufu. Majirani walidhani napenda karafuu tu.

Kilichonitoa huko ni kikundi chetu, na hilo sitalikana. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana kwenye stoo ya waru ya mwenyekiti, tunakaa juu ya magunia, kila mtu anaeleza wiki yake ilivyokuwa. Mimi ni katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Sasa, huku kwetu kabla ya kuweka waru stoo lazima uchambue. Iliyooza unatoa, isiozeshe gunia zima. Mwenyekiti wetu aliichukua hiyo kazi ya shambani akaifanya sheria ya watu. Ukinywa hata mara moja, unatoka, na jina lako linakatwa pamoja na wiki zako zote za nyuma. Mwaka ukianza, nanunua daftari jipya, nanakili waliobaki peke yao. Sote tuliona ni sawa, hata mimi.

Mwaka jana alijiunga ndugu yangu mdogo, tumwite Murithi. Alikaa wiki kumi na moja bila kuonja. Alianza kunenepa, akarudi kucheka kile kicheko chake cha utotoni. Wiki ya kumi na mbili akaja ananuka keg, ile bia ya bei rahisi, akasimama mlangoni analia. Mwenyekiti akaniangalia akasema, "Katibu, unajua kazi yako." Nikachukua kalamu nikamkata ndugu yangu wa tumbo moja, nikafunga mlango.

Sasa sikieni ubaya wangu. Mwezi wa nne mwaka huu tulimzika mama. Siku ya mazishi nilinywa glasi mbili nyuma ya jikoni. Jumapili nikaenda kikundi, nikakaa kwenye gunia langu, nikasema wiki ilikuwa njema, kisha nikajiwekea alama ya tiki kwa mkono wangu. Nililia sana siku hiyo. Wenzangu wakadhani ni mama tu. Mmoja wao alikuja kwangu kila asubuhi wiki mbili mfululizo tukapalilia pamoja, hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo sijaonja tena.

Mwezi uliopita akaja binti wa chuo kikuu. Anafanya utafiti, anataka kupima kama vikundi kama chetu vinasaidia watu kuacha pombe kweli. Mwenyekiti akampa daftari la mwaka huu kwa madaha. Kila jina ni tiki tupu. Sisi tulingoja atupongeze, yeye akauliza, "Na wale waliotoka wako wapi?"

"Hao hawakuwa wetu," mwenyekiti akajibu.

"Lakini mzee, nikihesabu waliobaki peke yao, nitajuaje kama mnasaidia watu ama mnachagua tu wale wangeacha hata bila nyinyi?"

Mwenyekiti akasema hakuna daftari lingine. Mimi nikanyamaza, na la mwaka jana liko kwangu chini ya godoro.

Jioni mwenyekiti alipita kwangu. Si mtu mbaya, yeye mwenyewe aliokotwa mtaroni. Akaniambia, "Katibu, ukitoa hilo daftari utavunja watu moyo. Mtu akijua wengi walianguka, atasema basi hata mimi acha nianguke." Na mimi ninaogopa hivyo hivyo.

Juzi niliteremka Mitunguu, ambako Murithi anabeba ndizi kwenye mashamba ya watu. Nilimpata asubuhi, mikono tayari inatetemeka. Nilipomweleza habari za yule binti, alicheka.

"Sista, zile wiki zangu kumi na moja mliziweka wapi? Tangu nimalize form four sijawahi kaa hivyo bila pombe. Na ile Jumapili ingine ningerudi, kama ungenifungulia."

Kisha akaniuliza polepole, "Kwani wewe hujawahi teleza?"

Nikamwangalia machoni nikamwambia, "Sijawahi." Jamani, uongo huo umenichoma kuliko pombe yoyote niliyowahi kunywa.

Binti anarudi Alhamisi. Nikimpa daftari la zamani, Murithi atahesabiwa na wengine wote tuliowatupa. Lakini nikinyamaza kuhusu tiki yangu, bado nitakuwa nimempa uongo. Nikisema ukweli wote, yaani kwamba nilianguka na kilichoniinua ni kubaki ndani ya kikundi, basi kwa sheria yetu natolewa Jumapili hiyo hiyo. Bila lile gunia langu sijui kama nitafika Krismasi. Na nikikaa kimya, atakwenda kuandika kwamba njia yetu haina kasoro, na vikundi vingine vitajifunza kufungia watu mlango kama nilivyomfungia Murithi.

Nyinyi mliowahi kuanguka mkashikwa mkono, na nyinyi mliofukuzwa, nishaurini, nifanye nini? Msichelewe. Jana nilijikuta dukani nanunua karafuu, na nyumbani kwangu hakuna anayepika pilau.