Moshi Ambao Tonton Aliuona

Ndugu yangu mdogo alisimama katikati ya matete, akainua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaita: "Ni siye! Ni siye ba ku muto!" Sisi wa mtoni. Alikuwa anacheka. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umefunika mto, na ndani yake watu walikuwa wanakuja. Tulikuwa tumeambiwa adui atatoka huko mbio, wenzetu wakimfukuza kwa nyuma. Hawa hawakuwa wanakimbia. Walikuja polepole, kwa mstari. Donc yeye akaona hao ni wenzetu, kazi wamekwisha kuimaliza. Risasi ilimkuta na kicheko chake mdomoni.

Naandika nimesimama, karatasi juu ya friji, maana nikikaa kwenye kiti miguu inaanza yenyewe. Mke wangu amezoea. Nashuka kwenye tramu kabla ya kituo changu, natembea, napanda nyingine. Watu wa hapa Bruseli wanafikiri nina haraka.

Nirudi nyuma. Aliyepanga vita ile ni tonton wetu, mume wa shangazi yangu. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Mimi niliishia darasa la nne. Vita ilipofika kwetu, upande wa ziwa, vijana tulijikusanya kulinda vijiji, na yeye akawa kichwa chetu kwa sababu alisoma. Alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa, jalada limetoka, cha vita vya Wajapani wa zamani. Jioni aliketi juu ya bidoni tupu la mafuta akatusimulia maisha ya samurai mmoja, na sisi tulimpenda yule mtu kama vile ni wa ukoo.

Samurai huyo alikuwa chongo, mguu mmoja mbovu, uso umejaa makovu. Hakuwa na bwana wala shamba. Alizunguka nchi yake kwa miguu akiangalia ngome zinajengwa vipi, mto unavukika wapi, njia gani ya mlima inapitisha farasi. Alipoomba kazi kwa wakubwa, kila mmoja alimcheka: kilema huyu atapigana na nani? Mpaka mmoja akamwambia, mimi sitafuti miguu yako, nataka kichwa. Toka hapo yeye ndiye aliyepanga. Alichagua siku, alichagua mahali pa kambi, wengine wakapigana.

"Munaona?" tonton alituambia. "Vita haiko nguvu. Vita ni akili."

"Sasa tonton," ndugu yangu akauliza, "tukutoboe jicho moya, nawe uwe na akili?"

Tulicheka mpaka tonton naye akacheka.

Kisha ilikuja sehemu tuliyoingojea. Adui amekaa juu ya mlima. Chongo anagawa jeshi vipande viwili: kimoja kinapanda kwa nyuma gizani, kimoja kinangoja chini kando ya mto. Kukicha, adui anasukumwa, anashuka, anaangukia mikononi mwa wanaongoja. Hapo tonton alinyamaza kila mara. Tulipiga makofi. Tulifikiri hadithi imekwisha.

Ndivyo alivyotupanga sisi. Kilima, mto, vipande viwili.

Sasa, sisi tulikuwa na dawa. Muganga alitunyunyizia maji, na yale maji yalikuwa na miiko yake: usiguse mwanamke, usile chakula kilicholala. Anayekwenda vitani ale cha moto, alichopika mwenyewe siku ile. Kwa hiyo jioni ya kuondoka kila mtu aliwasha moto wake. Siku nyingine tulipika vyungu vichache tu, tukala pamoja. Jioni ile moshi ulisimama juu ya kambi kama kijiji kizima kinaungua. Adui kule kilimani alikuwa na macho. Akashuka. Wenzetu walipofika juu walikuta kambi tupu, na sisi wa chini tukakutwa kwenye matete. Tonton alikuwa ng'ambo, karibu na mtumbwi.

Na dawa ina sheria moja zaidi: risasi haimpati aliyeshika miiko. Basi aliyekufa ndiye mwenye kosa. Kwenye kilio, mbele ya mama yetu, tonton alisimama akasema: "Kijana alivunja mwiko. Alilala na mwanamuke." Mwanamke huyo alikuwa mke wa ndoa wa ndugu yangu, tena mjamzito. Ukoo ulimfukuza yule mjane. Mpaka leo mama akimtaja anatema mate chini.

Mimi nami niliamini. Niliamini mpaka Woluwe, hapa Bruseli, hospitalini, ambako nasukuma vitanda vya wagonjwa. Siku moja nilikuwa na mzee wa Kijapani, tunangoja apigwe picha ya kifua. Kupitisha muda nikamwambia kwa Kifaransa changu: namjua mmoja wenu, chongo, kilema, mpanga vita. Mzee akainua kichwa. "Nani alikuambia?" Alifurahi kama mtoto. Nikamweleza ule ushindi wa kando ya mto.

"Ushindi gani, monsieur? Mpango wake ulivunjika. Adui aliona moshi. Moshi wa kupika ulizidi jioni ile, akajua jeshi linakula kwa safari, akashuka. Ukungu ulipofunguka alikuwa mbele yao."

"Na chongo?"

"Alisema, 'Kosa ni langu.' Akachukua mkuki, akaingia katikati ya adui mpaka wakamuua. Wale wa mlimani walikuwa njiani kurudi. Angengoja, labda angepona. Hakungoja."

Nilimsukuma yule mzee tukaupita mlango wa kupigia picha, nikaendelea na korido mpaka nesi akaniita.

Tonton yuko hapa Bruseli. Utamkuta Galerie d'Ixelles, kwenye mkahawa kati ya saluni za kusuka, kila mchana. Vijana wanamwita Stratège, mpanga vita. Wanamuuliza mambo ya makaratasi, ya ndoa, ya siasa. Nilikwenda moja kwa moja na nguo za kazi.

"Ah, mutoto ya bibi yangu! Ikala. Utakunywa nini?" Akanisogezea kiti.

"Sikale. Tonton, ule Mujaponé wa chongo, alikufa namna gani?"

"Bon, alikufa mukubwa."

"Moshi, tonton. Ulikuwa unajua mambo ya moshi."

Akaangalia nani anasikiliza. Wote walikuwa wanasikiliza, hata msusi alishika nywele za watu bila kusuka.

"Askari hapewe mwisho wa hadithi," akasema. "Askari anapewa mwanzo. Akijua mwisho, atatembea?"

Vijana wakapiga meza. "Stratège!"

"Na ile jioni? Ulituona tunapika."

"Niliona. Ningekataza, muganga angesema ninaharibu dawa, batu yote ingekimbia. Alors nikaomba Mungu atume ukungu utufiche. Akatuma."

Alisema hivyo, akanywa chai yake. Na mimi nilitoka nikatembea mpaka kituo cha treni cha Gare du Midi, nikarudi kwa mguu, na bado sijakaa.

Wenye makosa nawajua. Muganga amekwisha kufa, sina neno naye. Wale wanaopiga meza hawajui wanachopigia. Amebaki mmoja, mume wa shangazi yangu. Simwambii achukue mkuki, ni mzee. Nataka kitu kimoja: ampigie mama yetu simu, bado anasikia vizuri, na yule mjane aitwe, awe amekaa pale karibu na mama. Wote wawili wasikie kwa mdomo wake kwamba kijana hakuvunja mwiko wowote. Tonton, unasoma vizuri kuliko mimi, na haya utayasoma. Uliona moshi ukanyamaza. Waambie. Nakungojea ujibu.