Birika Lililobaki Bondeni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke. Shule niliiacha mapema, na kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi. Lakini kosa lililofanyika ndani yake lilinifikia uani na kwato.

Mjukuu wangu wa kike alisomea mambo hayo Korogwe, akarudi kwetu Handeni. Akatengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha wafugaji birika la kunyweshea liko wapi. Kiangazi kile kisima cha bondeni kilikauka, pampu na birika vikahamishiwa upande wa Kabuku. Binti akakaa barazani na kompyuta yake, kisha akasema, "Bibi, na humu nimeshalihamisha." Watu wakaambiwa wafuate simu.

Jua likiwa utosini, jirani yetu Mmasai akaingia na fimbo yake. Ng'ombe wake walisimama nje, ndimi zinaning'inia, hata kulia wameacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamepatwa na nini?"

"Simu imenipeleka bondeni. Nimekuta tope lililopasuka. Ndama wawili nimewaacha njiani, hawainuki." Akamtazama binti. "Miguu yangu ilikuwa na mashaka. Nikaibishia, nikafuata kidole chako."

Binti akafungua kompyuta.

"Nilihamisha, bibi. Hata nilihakikisha."

"Ulihakikisha wapi?"

Akasoma mistari ya programu yake. Kisha akafunika uso.

"Birika la humu ndani nikiliomba mahali pake, halinipi penyewe. Linanipa nakala. Nimebadilisha nakala, nikaitazama nakala hiyohiyo, nikaiona sawa. Sikuirudisha kwenye birika."

"Na mashine haikukugombeza?"

"Haikusema kitu. Ni kama mchuzi, bibi. Nimechota bakulini, nikatia chumvi bakulini, nikaonja bakulini, halafu nikatangaza chungu kimekolea. Na jikoni kwako hilo umetukataza tangu utoto: onja chunguni."

"Na mimi ndiye mgeni niliyepakuliwa kutoka chungu hicho," jirani akasema.

Binti akaandika mstari wa kuirudisha nakala kwenye birika. Safari hii hakuangalia kwenye kompyuta yake. Alimwomba jirani simu yake, na tukaiona alama ya birika imehamia Kabuku. Vizuri. Lakini ng'ombe hawanywi alama, na Kabuku wale wasingefika.

Macho ya binti yakaenda kwenye tangi letu, maji ya paa tuliyoyakinga masika. Mwanangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, aliyaona, akaninong'oneza, "Mama, hayo ndiyo ya kutufikisha vuli."

Nilijua. Ufunguo wa bomba lake naulalia mimi. Lakini neno lililowapeleka wale wanyama bondeni lilitoka barazani kwangu.

Nikaufungua kangani, nikamkabidhi binti.

"Fungua. Toeni mabeseni yote, na sufuria za shughuli. Wewe mwanangu, mpakie punda madumu ya maji, ndama wa njiani wafikiwe kwanza. Na katika nyumba hii asitie mtu kata ya maji mdomoni mpaka ng'ombe wa mwisho ainue kichwa."