Kimani Alipoanza Kuinamisha Kichwa

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, mwanangu Wambui, wewe ukiwa hujazaliwa bado, nilipofika nyumbani kutoka sokoni Kitengela na vumbi hadi kwenye kope. Kaka yako Kimani alikuwa na miaka minne. Siku nyingine zote angenirukia na kuniuliza nimemletea nini. Jioni hiyo alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akatulia hivyo, macho chini, kama mtu anayengoja kitu. Nyuma yake alikuwa Mumbua, msichana wetu wa kazi, ameshika sufuria. Nikamwangalia mtoto, nikamwangalia Mumbua, nikaiangalia na ile sufuria.

Mtoto anayeinamisha kichwa mtu mzima akikaribia, wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria hicho hicho. Nilijiambia, huyu anapigwa.

Nakueleza haya kwa sababu ya kamera uliyoweka sebuleni kwako Nkoroi. Ngoja, usinikatize, nitafika huko. Umekuja hapa tangu asubuhi na simu mkononi, unamchungulia yaya wako akipanguza meza, chai yako imepoa. Mwanao Tumaini naye amekuvuta sketi mpaka amechoka, sasa anacheza na kuku wangu huko nje. Kunywa hiyo chai unisikilize.

Kwanza ujue sikuketi hapa kukukataza kushuku. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo, na sioni aibu. Mtu akinisalimia kwa mikono miwili najiuliza anataka nini. Na miaka ile ilikuwa lazima. Baba yako alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua huko Isinya, tukahama kutoka Kiambu, tukajenga vyumba viwili kwenye ploti ambayo ilikuwa nyasi na upepo tu. Kila mtu alituonya. Tulionywa kuhusu wezi, kuhusu madalali wa ploti, kuhusu fisi, na kuhusu majirani. Kwa hivyo tulipanda ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu, pande zote, tukaweka geti ya mabati, na mimi nikaning'iniza kufuli kubwa ambayo hata baba yako alikuwa akiilaani akirudi amechoka. Nyuma ya ua kulikuwa na boma la Wamasai. Hao tuliwajua kwa kengele za ng'ombe wao tu. Hatukuwa tumewahi kuwapigia hodi.

Na Kimani, jamani, Kimani alikuwa mtoto wa maswali! Anaamka na swali, analala na swali. Kuku hukojoa wapi? Kivuli changu kikiingia ndani kinalala chini ya kitanda gani? Ng'ombe anajua jina lake? Mimi nilikuwa na kibanda cha nguo za watoto sokoni, nasimama kutwa nzima nikibishana na wateja, nikifika nyumbani masikio yamejaa. Nilikuwa na majibu yangu tayari. Kula. Muulize baba yako. Nyamaza, wakubwa wanaongea.

Sasa baada ya jioni ile nikaanza kumchunguza. Nikimwogesha, napapasa kichwa chote nikitafuta uvimbe. Sikupata kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi, maana nilijiambia Mumbua ni mjanja, anajua pa kupiga pasipoonekana. Kila jioni nikirudi, kijana ananijia na kichwa chini, anatulia, halafu anaondoka polepole kama amekasirika. Na siku moja nilipombeba nikasikia harufu ya moshi kwenye sweta yake. Moshi? Sisi tulipikia stovu ya mafuta ya taa, na harufu ya mafuta ya taa naijua. Huu ulikuwa moshi wa kuni. Tena mdomoni alikuwa na alama nyeupe iliyokauka.

Nikamwita Mumbua. "Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Uji, mama."

Alijibu haraka mno. Kimani akafungua mdomo aseme kitu, nami nikamkatiza, "Wewe nyamaza, sijaongea na wewe." Kumbuka hapo, Wambui. Weka hapo alama.

Sokoni nikamweleza jirani yangu wa kibanda, mama mmoja wa kuuza viatu. Aliacha kazi yake yote, akavuta kiti. Aliniambia habari za wasichana wa kazi ambazo hata leo nikizikumbuka nywele zinanisimama. Kwamba wanawapa watoto dawa walale. Kwamba wanawakodisha kwa ombaomba mchana, jioni wanawaosha na kuwarudisha. "Ndio maana ananuka moshi," akasema. Nikauliza mama mwingine, naye akaongeza chumvi yake. Nikamuuliza baba yako usiku huo kama ameona chochote. Akasema pengine ni mchezo tu, watoto huwa na michezo yao. Basi nikamshuku na yeye. Nikajiuliza kwa nini anamtetea huyu msichana.

Nikaanza kutega. Naondoka asubuhi, halafu narudi kama nimesahau leso. Nilinyunyiza unga wa ngano karibu na geti nione nyayo za atakayetoka. Geti haikufunguliwa mchana hata siku moja, unga ulibaki vile vile mpaka kuku wakaula. Lakini jioni mtoto bado ananuka moshi! Nilikuwa silali. Nilikuwa nikimsikiliza akipumua gizani na kujiuliza wanampitishia wapi mtoto wangu.

Siku nilipochoka kabisa, nilifunga kibanda mapema, nikapanda bodaboda, nikashuka mbali na nyumbani ili injini isisikike. Nikafungua kufuli polepole. Mumbua alikuwa peke yake akifua.

"Kimani yuko wapi?"

Alishtuka hadi beseni likamwagika. "Amelala, mama."

Nikaingia chumbani. Kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Mwanangu, wewe ni mzazi, sina haja ya kukueleza mwili wangu ulivyofanya. Nilitoka nikiwa nimeshika begi la Mumbua, nikatupa nguo zake humo, nikamwambia leo tunaenda kituo cha polisi, na kama mtoto wangu hapatikani hatatoka huko. Msichana alianguka chini akilia. Akawa anaonyesha tu kwa mkono. Anaonyesha ua wa nyuma.

Pale chini, kayaba ilikuwa imeachana. Tundu la kupita mtoto, au mbwa. Kwenye mwiba kulikuwa na uzi mwekundu wa sweta ya Kimani. Mimi nilijipenyeza humo na rinda langu la sokoni. Miiba ilinichana mikono, sikuihisi mpaka usiku.

Niliibukia nyuma ya zizi. Mbele ya nyumba aliketi bibi mmoja mzee kwenye kigoda, shanga shingoni, kibuyu cha maziwa miguuni. Karibu naye moto ulikuwa ukifuka moshi. Kimani alikuwa akitoka kuangalia ndama, akamwendea yule bibi, akasimama, akainamisha kichwa. Bibi akainua mkono.

Nilipiga kelele ambayo ilifukuza kuku wote.

Mkono ulishuka taratibu, ukatua juu ya kichwa cha mtoto kama vile unavyoweka kiganja juu ya mkate kuona kama umepoa. Bibi akamsalimia kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, Kimani akaitikia kwa Kimaa, vizuri kabisa, halafu wote wawili wakageuka kuniangalia.

"Wewe ndiye mama yake," bibi akasema. "Karibu. Uko na damu kwa mkono."

"Unampatia mtoto wangu nini?" Sikumsalimia hata. Mimi!

"Maziwa," akasema. "Hii ya kibuyu tunafukiza na kuni, iko na moshi kidogo, anaipenda. Alikuja hapa kuniuliza kama ng'ombe anajua jina yake. Nikamwita ng'ombe, akakuja. Tangu hiyo siku anakujanga na maswali, mimi najibu. Ile sijui nasema sijui."

Nikamwaga yote. Kichwa kuinama, moshi, mdomo mweupe, Mumbua, polisi, mambo ya sokoni, unga getini. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na Kiswahili cha polepole, anachagua neno kama mtu anayepepeta maharagwe.

"Umeuliza msichana," akasema. "Umeuliza bwana yako. Umeuliza wamama wa soko. Hata unga umeuliza. Hii kichwa ni ya nani?"

"Ni ya Kimani."

"Na Kimani umemuuliza?"

Kwa vile mimi ni mimi, nikamjibu kwamba hata yeye angekuja kupiga hodi kwangu, mtu mzima hakai na mtoto wa wenyewe bila kusema. "Nilikuja," akasema. "Nikapata kufuli. Nikaita, hakuna mtu ametoka. Nikasema hawa watu hawataki wageni."

Nikachuchumaa mbele ya kaka yako. "Kimani, kwa nini unainamisha kichwa ukiniona?"

Alinishangaa, kama kwamba nimeuliza jua ni nini.

"Nakusalimia," akasema. "Koko alisema mtoto akiona mkubwa analeta kichwa, mkubwa anaweka mkono." Koko ndilo jina walilomwita yule bibi, maana yake nyanya. Kisha uso wa kaka yako ukajikunja. "Mimi nakusalimianga kila siku. Wewe hugusangi."

Wambui, nimezika wazazi wangu wote wawili. Nimemzika baba yako. Lakini maneno ya yule mtoto bado yananichoma. Jioni zote zile alikuwa ameniletea kichwa chake, akangoja, na mimi nikawa naangalia sufuria mkononi mwa Mumbua. Nililia pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. Kimani akaniuliza machozi yanatoka upande gani wa jicho.

Mumbua nilimwomba msamaha, na pia nilimkemea sana. Alidanganya. Mtoto alikuwa akipenya ua yeye akifua, na alipogundua, aliogopa kufukuzwa, akanificha jambo hilo. Uongo wake ulikuwa uongo, na hofu yangu haikutoka hewani tu, usidhani nakuambia kila yaya ni malaika. Alikaa nasi mpaka alipoolewa, na kwenye harusi yake mimi ndiye niliyemfunga kitambaa cha kichwa. Baba yako alikata kayaba pale nyuma, akaweka kigeti kidogo kisicho na kufuli. Koko alipita hapo siku uliyozaliwa, akakushika kichwa kabla hata nyanya yako mzaa baba hajafika kutoka Kiambu, na hilo lilileta maneno, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa turudi kwako. Unasema Tumaini amekataa kuvua viatu usiku. Analala navyo, ukimvua analia kama anachomwa. Unasema lazima kuna kitu yaya anamfanyia, au kuna mahali anampeleka. Inawezekana. Mimi sijui. Wewe hujui. Hiyo kamera yako haijui, maana inaangalia sofa. Umemuuliza mumeo, umewauliza wenzako kwa simu, wote wamekupa majibu ya kutisha. Mwenye miguu yuko hapo nje na kuku wangu, na leo mchana nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia anyamaze, wakubwa wanaongea.

Nasaha yangu ni hii, na ni moja tu. Shuku, mwanangu. Shuku yaya, shuku jirani, nishuku hata mimi, maana mtoto ni wako na dunia imekuwa mbaya. Lakini kabla hujamuuliza mtu mwingine yeyote, muulize mtoto. Usimuulize kwa sauti ya polisi, wala usimtilie jibu mdomoni. Chuchumaa uso wako ufike usoni pake, uliza, halafu ungoje. Atazunguka. Atakueleza kwanza habari za kuku, na kivuli, na kitu alichoota. Usimkatize, yuko njiani anakuja. Na akikuambia jambo baya kweli, hapo simama kama simba, nami nitasimama nawe. Ila pia jizoeze kumjibu maswali yake ya kuku siku ambazo hakuna baya lolote, ili siku ya neno zito ajue kwako kuna mtu anayesikiliza. Wangu alichoka kuongea na mimi, akapenya miiba kutafuta mwingine, na ni bahati tu kwamba upande wa pili alikuwa Koko.

Basi zima hiyo simu uende ukamuulize kuhusu viatu. Mungu akupe subira ya kungoja jibu lake, na akulindie huyo mtoto pale jicho lako lisipofika. Akulipe kwa yeye kukutafuta wewe kwanza, hata atakapokuwa na mvi. Lakini kabla hujatoka, njoo hapa. Inamisha kichwa, mwanangu, nikuguse.