Jani Lina Mgongo na Tumbo

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kibali cha kukata miti, ofisi ya misitu hapa Njombe. Mezani, mtaalamu kijana alikuwa amepanga majani aliyoyachuma katika msitu wa hifadhi. Yote yalikuwa na vidoa vya hudhurungi, na kwenye fomu, mahali pa ugonjwa, alishaandika: kutu.

Mama mmoja mkulima wa kijiji cha Kichiwa, aliyesimama mbele yangu, alitua kikapu chake, akachukua jani na kuligeuza.

“Mwanangu, umelitazama tumboni?”

“Tumboni?”

“Kutu ya maharage huanzia huku chini. Hapa ni pasafi. Madoa yako mgongoni tu, na hapa lilipofunikwa na jani jingine hakuna hata moja. Hiki kitu kimetoka juu.”

Kijana akageuza la pili, la tatu. Kisha akakata lile neno na kuandika: huenda ni ozoni. Akatueleza kwamba moshi wa magari ukipigwa na jua huzaa hewa hiyo kali, na upepo huifikisha hata msituni. Nikayakumbuka malori yanayojaa mjini Makambako tangu biashara na nchi jirani ifunguliwe. Kibao cha “Hairuhusiwi Kuingia” tumekiweka pale msituni, ila moshi haujui kusoma.

“Umesomea wapi, mama?”

“Kwenye maharage.”

Alipofika kwenye mstari wa “Aliyegundua”, kijana akamwomba jina. Mama akajitwika kikapu.

“Andika Kichiwa. Kule sote tunageuza jani.”

Mimi ni wa kijiji cha Yakobi, lakini nilitembea hadi stendi nimetanua kifua kama mtu wa Kichiwa.