Kidimbwi cha Ubatizo Kule Machimboni

Vumbi la mawe yaliyosagwa lina harufu yake, kama chuma kilicholowa, na lilipochanganyika na moshi wa dizeli wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, lilikaa puani hata usingizini. Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka kambi moja ya wachimbaji upande wa Geita, kiangazi kile baba yangu, mwinjilisti aliyekuwa ametangulia huko, alipotuchukua mama na mimi kutoka Didia. Tulipitia Kahama, juu ya lori la magunia ya mpunga. Mimi ninayeandika haya nina stashahada ya ufundi wa maji, nimefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, na nimerudi kujenga nyumba yangu mwenyewe bila kushikwa mkono na mjomba wala shangazi. Wakati huo nilikuwa binti wa darasa la nne, miguu imepasuka, na kanisa letu lilikuwa turubai la buluu lililofungwa kwenye miti.

Shida ya kambi ilikuwa maji. Yaliletwa kwa baiskeli katika madumu, kwa bei ya kuumiza, na watu walinawa uso kwa kikombe. Nasi kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha mwili mzima. Mama Kabula, mponda mawe, alikuwa amemaliza mafundisho tangu masika, lakini mto ulikauka, na bwawa la kuoshea dhahabu baba alilikataa kwa sababu ya zebaki. Kisha kifua cha mama huyo kikazidi. Kaka yake akaja kumchukua. Lori la kwenda kwao, karibu na Mwadui, lingeondoka Jumapili mchana, na huko hapakuwa na kanisa letu. "Mwinjilisti, nitakwenda hivihivi?" alimuuliza baba, akikohoa.

Jibu alikuwa nalo Masanja, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa mizaha ambaye ibada zetu alizisikilizia nje. Alisema vijana wake wachimbe shimo, watandike ndani yake turubai la kanisa, na kila mwenye dumu amwage. Lakini kule hakuna aliyefungua ardhi bila kuchinja kuku kwanza. Shimo lisilochinjiwa, waliamini, hula watu. "Mimi simwagi damu kwa ajili ya ubatizo," baba alisema. Masanja akajibu, "Na vijana wangu hawashiki sururu bila kuku, baba. Wewe huliogopi shimo kwa sababu huingii." Jumamosi nzima wakabaki hivyo, kila mtu na msimamo wake, Mama Kabula akifunga mizigo. Alasiri mama akatoka jikoni na jogoo wetu pekee kwapani, akampa Masanja. "Nichinjie. Kesho kuna wageni, nahitaji mboga."

Masanja akacheka, akamwita mama kwa Kisukuma. "Nimchinjie wapi, mayu?"

"Popote unapoona panafaa. Mimi shida yangu ni mchuzi."

Baba akainamia Biblia yake, na nakumbuka alikaa nayo muda mrefu bila kufungua ukurasa mwingine.

Asubuhi shimo lilikuwa tayari, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ibada ikafanyika juani, maana paa lilikuwa ndani ya shimo. Watu wakaja na madumu, hata wale wa vilabuni ambao baba aliwahubiria bila mafanikio. Bi Zuhura, Mwislamu muuza chapati, akamwaga lake akisema, "Chai leo hakuna, msiniulize." Maji yalipanda polepole, nasi tukayatazama kama watu wanaotazama mtoto akijaribu kusimama. Baba akamzamisha Mama Kabula, naye mama huyo akaibuka akicheka na kukohoa kwa pamoja, akapanda lori nguo zikichuruzika. Maji hayakupotea: Masanja aliomba akaoshee mchanga wake wa dhahabu, akaruhusiwa. Mchana tukala jogoo. Baba alikula paja.

Leo pale pana kanisa la matofali. Kisima nilikipima mimi, bomba nilililaza mimi, na kidimbwi cha vigae kinajaa kabla kwaya haijamaliza mazoezi. Anayebisha aje aone. Juzi mchungaji kijana alifungua bomba, akaenda kunywa chai. Nilisimama ukingoni nikiyatazama maji yakipanda, safi, mengi, kazi ya mikono yangu, nikageuka kumtafuta wa kufurahi naye. Hapakuwa na mtu. Wote walijua yatajaa.