Moshi Juu ya Mbegu

Vita vilipoingia Kisangani na shule niliyofundisha elimu ya mimea ikafungwa, mimi na mke wangu tulishika barabara ya Bafwasende hadi kijiji cha kwao.

Mbegu ya mpunga ya kijiji kizima ilitunzwa na dada mkubwa wa mke wangu. Masuke yalifungwa mabunda na kuning'inizwa kwenye kichanja juu ya mafiga jikoni mwake. Moto wa chini haukuzimwa tangu mavuno hadi msimu wa kupanda, kwa kuwa moshi ndio uliowazuia fukusi kubungua punje. Kabla ya vita wazee walikuwa wamekubaliana kupumzisha mashamba kwa zamu, ili msitu usiishe, na mpango huo wote ulitegemea mpunga ule uliozoea udongo wao. Sasa barabara ilikuwa imefungwa. Mbegu nyingine isingepatikana. Ikiharibika, vijana wangekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, wala sikuona sababu ya kudhani kwamba wangerudi.

Kapita, mkuu wa kijiji, akaamuru mioto yote izimwe.

"Baaskari biko nafuata moshi," alisema. "Kijiji chenye kutoa moshi banakichoma."

"Nani aliwaona?" nilimuuliza.

"Batu banasema."

"Watu gani? Niletee mmoja aliyeona, nimuulize."

"Bokilo," alinijibu, kwa neno wanalomwitia mtu aliyeoa kwao, "unangoja bakuje kupiga hodi ndiyo uamini?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaenda kuzima mioto.

Tulipika mbali msituni na kula chakula kikiwa baridi. Majogoo walichinjwa wasiwike. Watoto walifundishwa kulia bila sauti, na walijifunza upesi kuliko nilivyopenda. Kijiji kikawa kimya kiasi kwamba, nilipoingia jikoni kwa shemeji yangu, niliusikia mpunga wenyewe: mchakacho mwembamba, usiokoma, kutoka kichanjani. Juu ya mafiga ulikuwa umeanguka unga mweupe. Nilipasua punje kwa ukucha, nikakuta ganda tupu.

Mimi na shemeji yangu tulimpelekea kapita konzi ya mpunga huo.

"Hiki nimekiona kwa macho," nilimwambia. "Askari wako bado sijawaona."

Aliusugua kiganjani, ukabaki unga.

"Na bakiona moshi?"

"Alors, papa," alisema shemeji yangu, "tukufe na moto leo ao na njaa mwaka kesho. Miye nimechoka kuchagua. Niwashe ao nisiwashe?"

"Asubuhi tu, wakati ukungu iko chini. Ikianza kupanda, acha moto ikufe yenyewe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi moshi ulijificha ndani ya ukungu, na mchakacho ule ukapungua. Hatukusifiana. Tulitazama juu tu.

Kisha, asubuhi moja, ukungu ulipanda mapema mno. Nilitoka nje nikauona moshi wetu umesimama wima juu ya paa, mweupe, mbele ya msitu mweusi. Wakati huohuo injini ilisikika barabarani. Siku zile mafuta ya gari walikuwa nayo wenye bunduki tu. Injini ikakaribia, ikanguruma usawa wa njia yetu, ikazimika.

Kapita alikuja mbio, miguu mitupu.

"Mama, zima!"

Shemeji yangu alikuwa ameshika sufuria ya maji, lakini hakuyamwaga.

"Nikimwanga maji, moshi itazidi," alinong'ona. "Ikala, papa. Ikala chini."

Tukakaa watatu kandokando ya mafiga. Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Baada ya hapo hatukusikia kitu, hata ndege. Niliwatazama fukusi wachache waliokuwa wakitambaa ukutani, weusi juu ya masizi meusi, nikajikuta nasikiliza nyayo. Hatimaye injini iliwaka, na sauti yake ikaishilia mashariki.

Nimeambiwa mengi tangu hapo: kwamba walikuwa askari na walituhurumia, kwamba walikuwa wafanyabiashara wa dhahabu, kwamba gurudumu lilipasuka. Siandiki lolote kati ya hayo kuwa kweli, maana hakuna aliyekwenda kutazama, hata mimi.

Mvua ziliporudi, mpunga ulipandwa ukaota, na kizazi chake bado kinalimwa pale, mashamba yakipumzishwa kwa zamu kama ilivyokubaliwa. Shemeji yangu ni kikongwe sasa. Moto wake unawaka mchana kutwa. Lakini injini ikizimika barabarani, hata ya pikipiki, hukatiza neno lake katikati, akatazama paa, wala halimalizi mpaka aisikie ikiondoka.